Ushauri wakuu: kipindi changu cha muziki redioni kinawaponza watoto wa shule, nifanyeje?

Sauti ya Jioni:

Habari za muda huu wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo yamenifika. Naomba mnisome hadi mwisho.

Nina miaka 26. Natangaza kwenye redio moja ndogo, mji wa wilaya huku Kanda ya Ziwa. Sitaitaja, na anayeifahamu naomba anisitiri. Kipindi changu ni cha Bongo Fleva na Singeli, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Mkataba sina, naishi kwa posho.

Mwaka jana nilibuni kipengele nikakiita Orodha ya Wapweke. Msikilizaji anatuma ujumbe, anamtaja rafiki yake asiye na mpenzi na mtaa anaokaa. Mimi nasoma majina kumi kwa mbwembwe juu ya biti, halafu nawapigia wimbo wa kuwaliwaza. Kikashika vibaya mno. Bodaboda wanazima pikipiki kijiweni wasikilize nani katajwa. Nikipita sokoni mama wa dagaa ananiita "Mpweke, njoo nikupunguzie bei". Nilijiona nimefika.

Wiki mbili zilizopita akaja mwalimu wa sekondari ya kata. Hakuja kwa shari. Aliketi kwenye benchi la wageni mpaka nikamaliza zamu, akatoa daftari kwenye mkoba, akalifungua katikati. Ukurasa umegawanywa kwa rula. Kushoto WENYE WATU, kulia WAPWEKE. Chini yake majina ya darasa zima la kidato cha pili, mengine yamekatwa na kuhamishiwa upande wa pili kwa mshale. Na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, maneno yangu mimi: "Kama huna mtu wewe ni mgonjwa, foleni ya dawa ianzie hapa."

Nililitamka hilo hewani. Naikumbuka hata siku yenyewe, mvua ilikuwa inapiga bati, wimbo umegoma kufunguka, nikawa natafuta cha kujazia.

Mwalimu akaniambia orodha inasomwa kila Jumatatu kabla ya paredi. Kuna binti wa miaka 14 jina lake lilikaa upande wa wapweke wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne likahamishwa. "Mtu" wake ni kijana wa bodaboda anayewapeleka shule. Alipoulizwa kwa upole na mwalimu wa malezi, alijibu hampendi. Alimkubali ili jina litoke.

Tangu siku hiyo nikishika maiki mkono unakuwa mzito. Nilimfuata bosi, akasema nikigusa kile kipengele nimegusa ugali wa watu wote pale, maana mdhamini analipia dakika hizo tu. Nikiondoka ataweka mwingine aendelee nacho.

Naomba kuuliza. Je, ni kweli kipindi cha muziki kina nguvu kiasi hicho, au ni watoto na mambo yao ya rika? Na kama ni kweli, niache kazi au kuna namna ya kukibadili bila kuua kipindi?

---

Nyuki Mkali:

Mkuu unajitwisha mzigo usio wako. Sisi tumekua na nyimbo za mapenzi tangu enzi za bendi na hatujaharibika. Muziki ni muziki. Mzazi ndiye mlezi, siyo redio. Piga kazi.

---

Mama Wawili:

Samahani, kabla hamjaanza kubishana habari za redio, huyo binti yuko wapi sasa hivi? Miaka 14 na mtu mzima wa bodaboda, hapo hakuna mapenzi, kuna kosa la jinai. Kwa sheria yetu aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna ofisa ustawi wa jamii wilayani, na namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya mtoto. Mleta mada, tujibu hilo kwanza.

---

Sauti ya Jioni:

Asante mama, na samahani sikulieleza. Mwalimu alishampa taarifa mama mzazi na ustawi wa jamii kabla hajaja kwangu. Binti amehamishiwa kwa shangazi yake anayekaa karibu na shule, anakwenda kwa miguu. Suala la yule kijana liko mikononi mwa wahusika. Sitaandika zaidi ya hapo, asije akajulikana.

---

Babu wa Kanda:

Kijana, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuziandika. Nikuambie ninachokijua.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 huku Bara tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Bendi inapanga foleni kurekodi pale Barabara ya Pugu, na kabla ya kurekodi tungo zinapitiwa. Neno likiwakera wakubwa, wimbo unarudi nyumbani na mwenyewe. Sheria ya utangazaji ikaja mwaka 1993, mwaka uliofuata Radio One ikaingia hewani, na ghafla kijana wa Temeke au Upanga anasikia mtangazaji anayeongea kama yeye.

Wakati huo vijana waliokuwa wanarapu Kiswahili tuliwaita wahuni. Mimi mwenyewe niliwaita hivyo, na mwanangu nilimchania kaseti. Kina Kwanza Unit, kina Mr. II, hawakuwa na mahali. Kilichowapa mahali ni vipindi vya muziki vya jioni na mwisho wa wiki, mtangazaji anayethubutu kuweka kanda ya kijana asiyejulikana na kusema "huyu ni wa kwetu". Hiyo kauli fupi ndiyo iliyomfanya kijana mwingine kule Mbeya achukue kalamu. Angalia ilikofika: Joseph Mbilinyi, huyo huyo Mr. II, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, Profesa Jay, akachukua Mikumi mwaka 2015. Watu walicheka mwanzoni.

Kwa hiyo anayekuambia redio haina nguvu, mwambie asome historia ya muziki wake mwenyewe. Nguvu ile haikuwa kwenye wimbo peke yake. Kanda zilikuwepo mitaani hata kabla. Ilikuwa ni ile sauti katikati ya nyimbo mbili, inayomwambia kijana kipi ni cha kawaida na nani ni mwenzetu. Sauti hiyo kwenye wilaya yako sasa ni wewe.

---

Nyuki Mkali:

Babu heshima kwako. Lakini hao walikuwa wanahamasishwa kufanya kazi ya sanaa. Orodha ya darasani ni utoto, ungekuta wameitoa hata kwenye simu.

---

Kalamu na Kinasa:

Nyuki, nimesomea mawasiliano kwa umma na jambo hili limepimwa, tena hapa hapa kwetu.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, habari za uzazi wa mpango na UKIMWI. Wakubwa wenzangu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori. Kituo cha Dodoma hakikuurusha kwa miaka miwili ya kwanza, saa hiyo kilikuwa na vipindi vyake. Ikafanywa makusudi ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kulikosikika mchezo kuliko Dodoma, na Dodoma nako kukaanza kubadilika ulipofika huko mwaka 1995. Hiyo ndiyo redio.

Sasa mwezi huo huo, Julai 1993, ng'ambo ya mpaka, ilianza redio nyingine: RTLM ya Rwanda, ile iliyokuja kuchochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu wanadhani ilianza kwa kufoka. Ilianza kwa muziki mtamu, watangazaji wachangamfu, utani wa kijiweni, salamu za wasikilizaji. Vijana waliikimbilia kwa sababu redio ya serikali ilikuwa imepooza. Chuki iliingia katikati ya nyimbo, kidogo kidogo, mpaka ikawa lugha ya kila siku. Wakuu wake walihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha mwaka 2003. Simlinganishi mleta mada na watu wale, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba masikio ya kijana hufunguliwa na muziki, na yakishafunguka hayachagui kinachoingia baada ya wimbo.

Na kuna cha tatu ambacho ndicho jibu la swali lako hasa. Baada ya mauaji ya kimbari, Rwanda walitengeneza mchezo wa redio wa upatanisho, Musekeweya, ulioanza mwaka 2004. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mzima. Alichokuta: imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani wenzao wanakiona kuwa sawa, na mwenendo ukafuata hapo.

Msome tena yule binti. Alisema hampendi. Moyo wake haukubadilika hata chembe. Ila aliamini darasa zima linaona asiye na mtu ana kasoro, na waliamini hivyo kwa sababu sauti ya mji mzima ililisema kwa kicheko kila jioni. Wivu na rika vilikuwepo, sikatai. Redio ndiyo iliyowapa jina la kuviita na orodha ya kuviandikia.

---

Mkenya wa Rongai:

Wakuu, huku kwetu Kenya kanuni za utangazaji zimeweka saa za kulinda watoto, saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, mambo ya watu wazima hayafai kupita hapo. Lakini nenda upande matatu saa 1 asubuhi. Mtoto wa gredi ya nne amebanwa katikati ya watu wazima, spika iko juu ya kichwa chake, mtangazaji anamsikiza mtu akieleza vile alivyomfumania mke wake. Dereva hawezi kupunguza sauti, na wewe mzazi hauna namna. Mimi nimewahi kumziba binti yangu masikio na mikono yangu kutoka Rongai hadi Bomas. Aliponiuliza "Baba, side chick ni kuku gani?" nilikosa la kusema.

Kipindi chako kinaanza saa 12 jioni ndugu. Hiyo ndiyo saa mtoto anaosha vyombo redio ikiwa dirishani. Usiseme ulikuwa unaongea na wakubwa.

---

MwalimuChaki:

Mimi si yule mwalimu aliyekuja kwako, niko mkoa mwingine, lakini naijua Jumatatu unayoisema. Nafundisha Kiswahili. Nikitaka kujua wiki hii redio imesema nini, nasikiliza wanafunzi wanavyotaniana wakati wa kufagia. Msemo ukitoka hewani Jumatano, Alhamisi uko ubaoni, Ijumaa uko kwenye insha. Mwaka juzi mtangazaji mmoja wa huku alikuwa na kibwagizo cha "maskini hapendwi", na nilikuwa na mvulana mmoja mwenye sare iliyoshonwa viraka magotini. Aliacha kwenda ubaoni. Nikimwita anajibu akiwa amekaa, mikono juu ya magoti. Nilihangaika naye muhula mzima kabla sijaelewa.

Lakini huo huo upepo hubeba na mazuri. Kuna mtangazaji aliwahi kusoma hewani shairi la mwanafunzi wangu, la beti nne tu, akamtaja jina na shule. Muhula ule nilipokea mashairi mengi kuliko nilivyoweza kusahihisha.

Nakushukuru kwa kuumia, mwanangu. Wengi hawaumii.

---

Dogo wa Mwaloni:

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 19, naweza kuwa nasikiliza hata kipindi cha jamaa. Naongea kama mmoja wa hao vijana mnaowajadili.

Kaka, usije ukaanza kuhubiri. Sisi tunajua haraka sana mtangazaji akishaambiwa atuelimishe. Sauti inabadilika, biti inazimwa, anaanza "vijana ni taifa la kesho", hapo hapo mkono unakwenda kwenye kitufe. Nina rafiki zangu saba kwenye karo la samaki, redio moja, na hakuna anayesubiri hiyo sentensi iishe.

Nilijifunza kuhusu kujiunga na VETA, chuo cha ufundi, katikati ya Singeli. Mtangazaji alisema tu "mwanangu wa mwaloni, fomu zimetoka, nauli ya kwenda kuzichukua ni chipsi kavu mbili", akaendelea na ngoma. Hata hakupunguza biti. Nilikwenda. Sasa niko mwaka wa pili, umeme wa majumbani. Kwa hiyo ongea vile vile unavyoongea, ila useme kitu kingine.

Na jambo lingine, tunapenda kutajwa. Mtu ambaye hajawahi kutajwa popote, akisikia jina lake redioni usiku halali. Ndiyo maana orodha yako imeshika. Siyo mapenzi, kaka. Ni jina.

---

Kalamu na Kinasa:

Dogo, umelisema vizuri kuliko vitabu vyangu.

---

Fundi Mitambo:

Niko kwenye redio za mikoani mwaka wa kumi na moja, nimefanya na mabosi wa kila aina. Nakuja kwenye upande ambao hamjaugusa, pesa.

Mleta mada, bosi wako haipendi Orodha ya Wapweke. Anapenda ujumbe unaoingia na mdhamini anayelipa. Ukimwendea na uchungu wako atakuona mtoto. Mwendee na karatasi. Hesabu ujumbe wa wiki moja, andika zimeingia ngapi na saa ngapi. Halafu fuata alichosema Dogo: majina yabaki, mbwembwe zibaki, biti ibaki. Kinachotajwa ndicho kibadilike. Badala ya nani hana mtu, iwe nani leo kafanya nini. Nani kamaliza kulipia pikipiki ya mkataba, nani kamshonea mama yake gauni, nani kafeli hesabu na bado kaenda shule. Mdhamini ni nani? Kama ni mtu wa mjini hapo ana watoto shuleni hapo hapo. Mpeleke lile daftari, lifunike majina, aone kalamu nyekundu kwa macho yake. Mimi ningefanya hivyo kabla ya kumrudia bosi.

Pia mkumbushe bosi kwa adabu kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ina Kamati ya Maudhui. Vituo vimeshaitwa, vimeshapigwa faini na kuamriwa kuomba radhi hewani. Kutangaza majina ya wanafunzi na habari za mapenzi ni jambo la kukimbia mapema. Usimtishe, mwambie unamlinda.

La mwisho, angalia na nyimbo zenyewe. Sote tunajua wimbo ukipigwa mara sita kwa siku si lazima umeombwa na mtu, mara nyingine umeshikwa mkono. Na sikio likishazoea linapenda. Kama kuna wimbo unaona aibu kuusikiliza mbele ya mama yako, usogeze mbele baada ya saa 3 au uache. Utalaumiwa na msanii mmoja, utazoea.

---

Nyuki Mkali:

Wakuu, nimesoma yote. Nina mdogo wangu wa kike kidato cha kwanza, anasikiliza redio kwa spika za masikioni hadi anapitiwa na usingizi. Sikuwahi kumuuliza anasikiliza nini. Mleta mada, neno langu la kwanza nalifuta.

---

Mama Wawili:

Na mimi niongeze dogo. Ulichosema hewani kirekebishe hewani. Usikiache kipengele kipotee kimya kimya, maana watoto watabaki na orodha yao hata wewe ukiwa umeshasahau. Waambie kwa sauti ile ile: nilisema asiye na mtu ni mgonjwa, nilikosea. Mtoto anayemsikia mtu anayemhusudu akisema nilikosea, halisahau.

---

Sauti ya Jioni:

MREJESHO.

Wakuu nimechelewa, nilikuwa nakimbizana na haya mambo. Asanteni, na Nyuki hukunikosea kitu.

Mdhamini nilimwona Jumamosi dukani kwake. Nilifunika majina kwa karatasi kama Fundi alivyosema. Alisoma ile kalamu nyekundu mara mbili, akaniuliza ni shule gani. Nilipomwambia aliita kijana wake wa duka, akamtuma akamchukue binti yake nyumbani, wakae wote pale mpaka jioni. Hakusema mengi. Akaniambia atazungumza na bosi mwenyewe.

Bosi kanipa mwezi mmoja. Ujumbe ukishuka, kinarudi kile kile na mtangazaji mwingine.

Jumatatu niliomba radhi. Niliandika maneno, nikayasoma mara nyingi chooni, na bado hewani sauti ilikatika. Sikuzima biti, Dogo, ila fundi wangu aliipunguza bila kuambiwa na sikuweza kumlaumu. Nilisema nilikosea, nikalitaja neno lenyewe, nikapiga wimbo. Kisha nikafungua kipengele kipya, nimekiita Leo Nimefanya.

Orodha ya Wapweke ilikuwa inaleta ujumbe sitini na zaidi kwa jioni. Jumatatu ziliingia tisa. Jumanne kumi na nne. Jana kumi na moja, na mbili kati yake ni za matusi. Nimezihesabu zote kwenye karatasi.

Moja ya jana ilitoka kwa namba nisiyoijua: "Leo nimekwenda ubaoni." Hakuweka jina wala mtaa. Nilikaa nayo mkononi wimbo mzima nikiwaza kama niisome au nimwachie siri yake, mwisho nikaisoma bila kuongeza neno.

MwalimuChaki, yule mwalimu amenialika shuleni kwake Alhamisi, nizungumze na kidato cha pili. Nataka kwenda lakini sijui nianzie wapi mbele ya wale waliokuwa kwenye ile orodha. Nikiingia darasani nisimame mbele, au niketi nao kwenye madawati?

---

MwalimuChaki:

Keti, mwanangu. Chagua dawati la nyuma, mwombe mwalimu aanze kipindi chake kama kawaida, na wao ndio wakuulize. Daftari liache nyumbani.